Pumzi ya Hedvika

Ghorofa ya saba, mtaa wa Poruba, Ostrava, Januari.
Baba amepiga magoti mbele ya kasha la plastiki
kama mtu anayesikiliza ukuta.
"Vlasta, lete taa."

Namulika. Mwanzoni sioni kitu.
Halafu vumbi linatembea.

Utitiri huujui kwa umbo,
hauna umbo la kulijaza jicho.
Unaujua kwa vumbi lisilotulia,
kwa nukta iliyohama ulipoiacha.

Nyumba hii haiwachukii mende.
Tunao mia nne, kando ya bomba la joto,
wanalala katika trei za mayai
na kula karoti iliyomenywa.
Wao ni chakula cha Hedvika,
buibui wa baba, mwenye manyoya ya kutu,
aliyenunuliwa mwaka mgodi ulipofungwa,
akiwa mdogo kuliko kifungo cha shati.
Sasa anajaza kiganja. Ana miaka kumi na tisa.

Kosa ni langu. Baba alipolazwa wiki ile,
niliwatupia mende tango zima, kwa huruma,
nikafunika, nikaenda zamu.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Tango halistahili hata ya pili.
Lilitoa jasho, likaota ukungu,
na utitiri ukaja kama jamaa waliosikia kuna urithi.

Baba hakunigombeza. Alikohoa, akavaa miwani.

Trei zote tukazitupa.
Mende tukawatikisa katika unga mkavu wa mahindi
ili wapanda farasi wao wateleze,
tukawahamisha mmoja mmoja
(wa mia mbili na kumi akanipanda mkononi hadi kwapani).
Pumba mpya ikakaa siku tatu kwenye friza, na samaki.
Vaselini ukingoni, upana wa vidole viwili.
Miguu ya meza ndani ya bakuli nne za maji ya sabuni.
Na tangu sasa: aliyekufa atolewe leo,
kilichobaki kitolewe leo,
ukavu kwanza, huruma baadaye.

Kisha Hedvika.
Tulimweka katika chombo kitupu,
karatasi ya jikoni sakafuni, kisosi cha maji, basi.
Alisimama katikati ya weupe ule
kama mjane katika ofisi ya serikali.

Baba alichukua brashi ya rangi za maji,
ile yangu ya shule ya msingi,
akailowesha, akamgeuza polepole ndani ya kikombe cha kioo.
"Tazama chini ya tumbo.
Mapafu manne. Kila moji ni kitabu,
kurasa nyembamba, hewa inapita katikati.
Utitiri ukiingia humo
hakuna atakayesoma tena."
Alifagia ukingo wa kila kitabu, nukta kwa nukta,
mikono iliyovunja makaa miaka thelathini na mmoja
ikitetemeka kidogo tu.

Nilitaka kumwuliza ya kwake.
Daktari wa kifua alishanionyesha picha:
weusi umetulia kurasa zote,
na hakuna brashi.

Usiku tuliweka kipande cha kiazi kwa mende, chambo.
Asubuhi baba alikigeuza: upande wa chini ulikuwa unachemka.
Akakitupa kwenye maji ya moto, akakata kingine.
Usiku wa pili, vivyo hivyo.
Wa nne, nilihesabu kumi na saba.
Wa sita, tatu.
Wa tisa, alikiinua kwenye taa,
akakigeuza huku, akakigeuza huku,
kiazi kitupu, cheupe kama kucha.
"Usishangilie," akasema. "Bado."

Hedvika hajala. Amelala chali juu ya utando,
anajivua gamba, na anapojivua
hutoa hata ngozi ya ndani ya mapafu,
kurasa za zamani, zote nne,
huziacha hapo kama nguo za zamu.

Baba amekaa karibu naye tangu saa nane usiku.
Mimi niko chumba cha pili, taa imezimwa,
sikio ukutani,
nahesabu.